Hereni za Mabibo

Mimi ndiye karani wa mizani, chama cha msingi, Tandahimba.
Tangu msimu uanze kidole changu hakijakauka wino:
Lipande, kilo mia mbili na nne.
Nampuka, kilo tisini, gunia limetoboka.
Chilumba, na Chilumba, na Chilumba tena.
Wanaotua magunia kutoka kichwani
wanaitwa Somoe, Esha, Binti Mkuti,
ila daftari halina safu ya kichwa kilichobeba.

Baba yangu alikufa mwaka juzi.
Bado anauza korosho.
Nimemwandika mwenyewe, daraja la kwanza,
na fedha zake huzipokea baba mdogo,
ambaye, alhamdulillahi,
hana dalili zozote za kufa.

Jumatatu ya mnada wa tatu, wakaja.
Nilidhani harusi.
Wanawake arobaini, kila sikio na bibo lake,
jekundu kushoto, la manjano kulia,
limetungwa kwa uzi wa gunia, linagonga bega,
na pale chini, korosho inapokaaga,
pametupu.
Imenyofolewa.

Somoe kavaa mkufu wa mabibo kumi na mawili,
shingo imemlemea kama ng'ombe wa maonyesho.
Esha kajikatia kipande, kakifunga mkononi,
eti saa.
Ukimuuliza saa ngapi anaitazama kwanza, anakunja uso:
"Saa ya kuokota imekwisha.
Sasa hivi ni saa yenu ya kuhesabu."

Mwenyekiti akatoka na shati jeupe,
lile la kwendea Mtwara mjini.
"Mapambo gani haya?"
"Fungu letu, Mwenyekiti.
Mlipochukua chenu, hiki ndicho kilichobaki.
Tukaona kisiozee shambani, tukivae."

Watu wakacheka. Nyuki wakaja.
Mbuzi mmoja wa pale ghalani
akamnyemelea Binti Mkuti, akala hereni mpaka uzi.
Hata hakugeuka.
"Na wewe?" akasema. "Basi kajiandikishe uanachama."

Halafu wakapisha njia.
Bibi yangu, Bi Nanchuma, hatua zake za kukwaruza vumbi.
Tundu la ndonya juu ya mdomo wake
liko wazi tangu alipoivua, mwaka haukumbuki,
watoto wa siku hizi huliogopa.
Leo kalijaza.
Korosho moja nyeupe, imebanguliwa,
imekaa pale kama jino lililochoka kujificha.
Kwa wanawake wote wale, korosho ilikuwa hiyo tu.

"Bibi," Mwenyekiti akasema, sauti imepungua,
"hiyo ya nani? Imepita kwenye mizani?"

Bibi akamtazama.
Akaichomoa kwa kidole, akaitia kinywani,
akaitafuna kwa meno yake matatu,
polepole,
nasi tunasubiri, hata mbuzi.
Akameza.
Akanigeukia mimi.
"Andika jina langu. Halafu andika kwamba nadaiwa moja."

Nikafungua ukurasa mpya. Niseme kweli, nilitetemeka.
Wakanizunguka wote, kila mmoja aone linavyoandikwa lake,
wengine kusoma hawajui, wanatazama wino tu,
na mabibo yakawa yanavuja,
juu ya meza, juu ya daftari,
juu ya jina la baba, kilo mia na sita,
na juu ya shati jeupe la Mwenyekiti
aliyeingia katikati kunyang'anya kalamu.

Kikao cha kujadili majina kimeahirishwa mara mbili.
Wanasema mhuri umepotea.
Mimi ule ukurasa ninao, nimeulaza chini ya godoro.

Na doa la bibo, kila mtu wa huku analijua.
Mwenyekiti analo kifuani mpaka leo, rangi ya kutu.
Mkewe anaapa amelifua: limao, jiki, majivu, jua la siku tatu.
Nami namwamini.
Siku ile alikuwa mstari wa pili,
sikio la kushoto likidondoka,
na sijamuuliza
alilifua kwa bidii gani.